KAZI YA MSOMI IPIMWE KWA HAKI



Huenda mtu akauliza: sisi wa reli, wa bandari na wa majahazi, yatuhusu nini mambo ya Chuo Kikuu? Yatuhusu sana. Mhadhiri ni mfanyakazi kama sisi, naye hupandishwa cheo au huachwa nyuma kwa kipimo alichowekewa. Kipimo kikiwa kibovu, yeye adhulumiwa, na sisi twakosa faida ya elimu yake.

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa miongozo ya kuajiri na kupandisha vyeo, ambamo maandishi ya wahadhiri yalihesabiwa kwa pointi. Hatukatai hesabu. Lakini fundi wa karakana hapimwi kwa wingi wa fomu alizojaza. Hupimwa kwa injini iliyofika salama.

Wataalamu wenyewe wamekwisha kulisema hili. Azimio lililotungwa San Francisco mwaka 2012 lilitaka mtafiti asipimwe kwa sifa ya jarida lililomchapisha, bali kazi yake yenyewe itazamwe. Manifesto ya Leiden ya mwaka 2015, yenye kanuni 10, ilitaka utafiti wenye manufaa kwa wenyeji ulindwe, hata usipoandikwa kwa Kiingereza.

Hapa Langoni twalifahamu jambo hilo. Watafiti huja Lamu, huuliza habari za samaki, mikoko na majumba ya kale, kisha huandika katika majarida yasiyomfikia mvuvi. Kipimo kinachotazama majarida ya ng'ambo tu humwadhibu yule anayetuandikia kwa Kiswahili.

Tena tukumbuke tarehe 26 Juni 2019, baraza la rufaa za mazingira lilipofuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi. Ripoti ya wataalamu ilikuwako, lakini wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Karatasi pekee hazikutosha.

Kwa hiyo twasema wazi: kazi isomwe kwanza na wanaoijua, ndipo ihesabiwe. Kufundisha vizuri kuhesabiwe. Kurudisha matokeo kwa wenyeji, kwa lugha yao, kuhesabiwe. Na wahadhiri washirikishwe, kupitia chama chao, katika kuweka kipimo hicho. Mfanyakazi asiyejua anapimwa kwa nini hawezi kujitetea, awe amevaa joho au ovaroli.