Kula Kitunguu Saumu, Dawa ya Presha Usiiache

AFYA NYUMBANI
Na Zuhura Makame

Baada ya safu ya wiki iliyopita kuhusu chumvi, mama mmoja wa Muheza alinitumia ujumbe wa sauti. Ana miaka 58 na ni mwaka wa tatu sasa anatumia dawa za presha. Jirani yake amemwambia atafune punje mbili za kitunguu saumu kibichi kila alfajiri, kabla hajatia kitu kingine tumboni, na vidonge aviweke kando. “Nimechoka na vidonge, mwanangu,” alisema. “Kama hiki cha jikoni kinatosha, niambie niache.” Nilimpigia siku ileile nikamwomba asiache. Jibu refu naliandika hapa, maana swali lake linaulizwa kila mahali: sokoni, msibani, kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo.

Kitunguu saumu kina sifa za kweli na sina nia ya kuzipunguza. Chukua punje, imenye, inuse. Harufu yake ni ndogo mno. Iponde, jikoni pote patajaa. Ndani ya punje kuna kitu kiitwacho aliini, na kuna kimeng’enya cha alinasi, kila kimoja kimekaa mahali pake. Mchi ukizipasua nyama za punje, viwili hivyo hukutana na hapo hapo huzaliwa alisini, ile inayowasha ulimi na kunata vidoleni. Mwaka 1944 wanakemia wawili wa Marekani, Chester Cavallito na John Bailey, waliitenga alisini peke yake wakaonyesha kwamba inaua bakteria maabarani. Maabarani, nasisitiza. Mwili wa mtu una mambo mengine mengi.

Alisini ina udhaifu mmoja ambao mpishi anatakiwa kuujua: moto. Punje ikipelekwa kwenye mafuta yaliyochemka dakika ileile iliyopondwa, kimeng’enya hufa kabla hakijamaliza kazi. Watafiti waliolichunguza jambo hili walikuta kwamba ukiponda ukaacha kwa dakika 10 ndipo upike, sehemu ya nguvu yake hubaki. Kwa hiyo anza na saumu. Itwange kwenye kinu, iweke pembeni, ndipo umenye vitunguu maji, ukate nyanya, uoshe nyama. Ukimaliza hayo, dakika zako 10 zimetimia bila kupoteza muda wowote.

Sasa tuje kwenye presha, maana ndiko swali liliko. Ni kweli kitunguu saumu hushusha presha kidogo kwa mtu ambaye presha yake iko juu. Karin Ried na wenzake wa Australia wamelifuatilia hili kwa miaka mingi. Walipokusanya majaribio yaliyokwishafanywa, waliona ile namba ya juu inashuka kwa wastani wa kama 8 kwa wenye presha. Hesabu hii ifanye wewe mwenyewe. Yule mama wa Muheza alipopima mara ya mwisho, kabla hajabadilishiwa dawa, alikuwa na 168 kwa 100. Toa 8, inabaki 160. Daktari wake anataka iwe chini ya 140. Kwa hesabu hiyo bado yuko palepale pa hatari, moyo unasukuma kwa nguvu na mishipa ya ubongo inabeba mzigo uleule.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosambaza habari hizi hawalisemi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika jaribio moja la Ried lililotoka mwaka 2010, wagonjwa 50 waligawanywa makundi mawili, na waliopewa vidonge vya kitunguu saumu kilichokomazwa kwa wiki 12 walishuka kwa takriban 10 kuwazidi wenzao, kwa wale ambao presha yao mwanzoni bado ilikuwa juu. Matokeo mazuri kwa kweli. Lakini wagonjwa wale wote walikuwa wanatumia dawa za presha, na waliendelea nazo. Kitunguu saumu kiliongezwa juu ya dawa. Hakuna aliyeambiwa aache kidonge chake. Basi mtu anayelitumia jaribio lile kumshawishi mgonjwa atupe dawa anamweleza kinyume cha kilichofanyika.

Kuhusu lehemu, habari ni fupi. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia watu wazima 192 kwa miezi sita. Wengine walikula kitunguu saumu kibichi, wengine vidonge vya aina mbili tofauti, wengine vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2007: ile lehemu mbaya haikushuka kwa kundi lolote kwa kiasi cha maana.

Hatari ya kukipa kitunguu saumu kazi isiyo yake Afrika tumeiona, na tuliiona kwa gharama kubwa. Manto Tshabalala-Msimang, waziri wa afya wa Afrika Kusini kuanzia 1999 hadi 2008, alikuwa akiwahimiza wenye VVU kula kitunguu saumu, limau na bitiruti, wakati serikali ya Thabo Mbeki ikisuasua kutoa ARV. Mwaka 2006, kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI huko Toronto, banda la Afrika Kusini liliwekwa vitunguu saumu na malimau mbele ya macho ya dunia. Miaka miwili baadaye watafiti wa Harvard walikadiria kwamba watu zaidi ya 330,000 walikufa kwa sababu ya kucheleweshwa kwa dawa kati ya 2000 na 2005. Vyakula vile havikuwa sumu. Watu walikufa kwa sababu viliwekwa mahali pa dawa.

Tena kuna dawa ambazo kitunguu saumu kingi huzivuruga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 uliwapa watu wazima wenye afya vidonge vya kitunguu saumu pamoja na saquinavir, moja ya ARV za wakati ule, na kiasi cha dawa kwenye damu kilishuka kwa karibu nusu. Anayetumia warfarin au aspirini ya kulainisha damu naye ajihadhari, kwa kuwa kitunguu saumu kingi huongeza uwezekano wa kutoka damu. Anayesubiri upasuaji amwambie daktari mapema. Hapa nazungumzia vidonge na dozi za kila siku. Punje mbili tatu kwenye sufuria ya mchuzi wa watu sita hazina tatizo. Na tafadhali, mtoto mwenye mafua asifungwe kitunguu saumu kilichopondwa kifuani au nyayoni. Kinaunguza ngozi, malengelenge kabisa, na ngozi ya mtoto ni laini.

Faida ninayoiamini kuliko zote iko kwenye sufuria. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichorundikwa, na hiyo ni pamoja na ya mkate na ya viungo vya pakiti. Wengi huniambia chakula cha chumvi kidogo hakiliki. Hakiliki kwa sababu tumezoea chumvi ifanye kazi yote. Chemsha maharage mpaka yaive, kisha kaanga kitunguu maji, tia saumu uliyoitwanga na kipande cha tangawizi, geuza mpaka harufu ibadilike lakini isiungue maana ikiungua ni chungu, tia nyanya, mimina tui. Onja kabla hujagusa chumvi. Utaona nusu ya uliyozoea inatosha, na mwishoni kamua ndimu. Pilau, mchuzi wa samaki, kisamvu, vyote vinakubali mtindo huu. Mtu mwenye presha akipunguza chumvi kwa njia hii na akaendelea na dawa, anakuwa amejisaidia mara mbili.

Nina ombi kwa wauguzi na matabibu wa zahanati zetu. Wagonjwa wengi wanatumia kitunguu saumu, mlonge, majani ya mwarobaini na mengineyo, na wanaficha kwa sababu aliyewahi kusema alikaripiwa mbele ya foleni. Yule mama wa Muheza ameniambia hajawahi kuulizwa hata siku moja anatumia nini kingine nyumbani. Muulizeni mgonjwa kwa upole, na akijibu msimcheke. Mkiandika kwenye kadi yake, kando ya amlodipine yake ya presha, “kitunguu saumu kibichi, punje mbili kila asubuhi,” tabibu atakayempokea mwezi ujao atajua anashughulika na nini, na mgonjwa mwenyewe hatahisi kwamba lazima achague kati ya kliniki na jiko lake.