Ni ya Kidato cha Ngapi?

Msomaji wa Kiswahili aliyekwisha kuhitimu, asiye na mtihani mbele yake, akiingia katika duka la vitabu jijini Nairobi na kuulizia riwaya mpya, aghalabu hupokewa kwa swali moja: ni ya kidato cha ngapi? Akijibu kwamba si ya kidato chochote, mwuzaji humtazama kama mtu anayetaka dawa ilhali haumwi. Hatimaye huonyeshwa rafu ya vitabu teule na, kando ya kila kitabu, miongozo yake mitatu au minne. Kiu aliyoingia nayo hutoka nayo.

Ni rahisi kumlaumu mchapishaji kwa woga, lakini woga huo una hesabu yake. Watahiniwa wa KCSE mwaka wa 2023 walikuwa takriban 900,000, na riwaya ikishateuliwa husomwa kwa miaka kadhaa mfululizo. Kinyume chake, riwaya isiyoteuliwa haina mnunuzi wa hakika, na tangu sheria ya mwaka wa 2013 vitabu vimetozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kwa hiyo mswada unapofika mezani, swali la kwanza huwa iwapo utapata ithibati ya shule. Mapenzi yapunguzwe, mwanasiasa asifanane na yeyote, mwovu aadhibiwe kabla ya sura ya mwisho. Baya zaidi ni kwamba mwandishi naye ameshayajua masharti hayo, akajihariri kabla ya kuhaririwa.

Ajabu ni kwamba kazi zinazotukuzwa katika kumbi za mihadhara zisingelipita katika chekecheo hilo. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) hazina msuko ambao mwongozo ungeweza kuufupisha kwa hoja kumi. *Bina-Adamu!* ya K. W. Wamitila (2002) iliivunja mipaka ya uhalisia; *Musaleo!* (2004) ikatolewa na Vide-Muwa, shirika la Wamitila mwenyewe. Jambo hilo la mwisho lapasa kumfikirisha anayeamini kwamba maandishi mapya hayakosi mlango.

Kuna waliothubutu. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoasisiwa mwaka wa 2014 na ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Kwa njia hiyo Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa diwani ya Mohammed Ghassani, *N'na Kwetu*, na riwaya ya Anna Samwel Manyanza, *Penzi la Damu*. Hata hivyo, tuzo huweza kukizaa kitabu tu. Haiwezi kukifikisha Kisumu wala Eldoret, sembuse kumpata wa kukinunua.

Hapa ndipo lawama inapowarudia wenyewe wanaolalamika. Mhadhiri huisifu *Nagona* kwa saa mbili. Wanafunzi sitini hutikisa vichwa. Kisha nakala moja, kuukuu, hupelekwa kwenye kibanda cha fotokopi nje ya lango, ikarudi sitini. Tahakiki huandikwa, shahada hutolewa, na mchapishaji hauzi hata kitabu kimoja. Atajuaje kwamba riwaya ya namna hiyo ina wasomaji? Kitabu kisichopatikana dukani kina udhuru wake, bila shaka, na mkopo wa mwanafunzi haujawahi kutosha. Lakini fotokopi hupigwa hata kwa vitabu vilivyopo, na watu wenye mishahara.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina uwezo ambao havijautumia. Chama kikichagua kila mwaka riwaya moja mpya isiyo teule, wanachama wakachanga na kuiagiza kwa pamoja kutoka kwa mchapishaji, kisha jarida lake likaichapishia uhakiki mkali, wa kusifu penye sifa na kukosoa penye kasoro, mhariri atakuwa na kitu cha kuwaonyesha wahasibu wake. Nakala themanini ni haba mno zikilinganishwa na za shule. Walakini zitakuwa zimenunuliwa na watu wasiolazimishwa na mtihani, na ombi litakuwa limetumwa kwa barua, likitaja jina la kitabu, mwandishi na idadi.