Msipurure Mahindi Mapema!

Nina neno na wazazi wetu wa Njoro na Rongai. Mvua ikichelewa tu, watu huingia shambani kupurura majani mabichi ya mahindi wakalishe ng'ombe. Mimi sikubaliani nao kamwe.

Jani ndilo jiko la mmea. Kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni, hupika sukari. Ndiyo usanisinuru tunaosoma kwenye Biolojia. Udongo ukikauka, jani la hindi hujikunja kama sigara na kufunga vitundu vyake ili maji yasipotee. Lakini hewa nayo haiingii, basi upishi hupungua. Sasa mmea wenye njaa hivyo, wewe waubomolea jiko!

Tena majani hayalingani. Ya chini kabisa, yaliyogeuka manjano, yamezeeka, hayo chukueni. Ila jani lililo kando ya gunzi na yale ya juu yake ndiyo yanayojaza punje. Najua, maziwa ndiyo karo ya wengi wetu, na ng'ombe hana subira. Lakini bandueni punje moja kwanza. Mkiona kidoa cheusi kitakoni mwake, imeshiba. Hapo purureni mpaka mchoke.