Fomu sita zilizobaki kizuizini

Ndugu Mhariri,

Naomba barua hii itoke kabla ya Jumatatu ijayo. Siku hiyo wadogo zetu wa darasa la filamu watapanda pikipiki kuelekea Walikale, na kamera ya kuazima begani.

Mimi nasoma hapa Goma, mwaka wa mwisho. Mwaka jana tulikuwa wanne tuliopewa mada ya madini na maisha ya familia, tukaambiwa wazi kwamba filamu iliyopigwa mjini haitavuka nusu ya pointi. Darasani tulikuwa tumeonyeshwa Blood in the Mobile ya mwaka 2010, ambamo Mdenmaki Frank Piasecki Poulsen anaingia hadi kwenye mashimo ya Bisie, huko Walikale. Ni kazi ya ujasiri, nami naiheshimu. Ila yeye alipomaliza alirudi kwao Ulaya. Sisi kwetu ni huku huku. Mwenzetu mmoja shangazi yake analima viazi juu ya Mushaki, na sherehe na misiba ya ukoo hupitia barabara ile ile tuliyotumwa.

Shule ilitupa barua ya kututambulisha, yenye muhuri, pamoja na bunda la fomu za idhini. Kila tutakayempiga picha aandike jina lake kamili, kijiji chake na namba ya simu, kisha atie sahihi au dole gumba. Tulifundishwa kwamba hiyo ndiyo heshima kwa anayepigwa picha, nasi tuliamini. Hakuna aliyeuliza, si mwalimu wala sisi, karatasi hizo zitapita mikononi mwa nani kabla ya kufika Goma.

Anayeifahamu njia ya kutoka Sake kupanda Masisi ataelewa nisemalo. Masisi-kati iliingia mikononi mwa kundi la M23 mwanzoni mwa Januari 2025, na Goma ikafuata kabla mwezi haujaisha. Walikale-kati waliiingia Machi, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kuna vilima vyenye wapiganaji wa Wazalendo, kuna vyenye jeshi, na kuna ambavyo mwenyeji mwenyewe asubuhi huuliza jirani kwanza. Muhuri uliokupitisha kizuizi cha asubuhi unaweza kukufanya mpelelezi kwenye kizuizi cha jioni. Na bado tulisisitiziwa tutafute droni ili tupate picha za juu! Aliyekuwa karibu na Sake mwaka 2024, droni za vita zilipokuwa angani, akisikia mvumo ule hakimbilii kuangalia. Anawaita watoto ndani.

Tulikwenda hata hivyo, tukapiga picha siku mbili. Mama mmoja muuza maharage alituhadithia kuhusu mwanawe aliyekwenda kuchimba koltani Rubaya. Alizungumza uso wazi, bila pupa, na mwisho akatuandikia jina lake kwa herufi kubwa kwa sababu alikuwa hajaandika siku nyingi.

Wakati wa kurudi tulisimamishwa. Waliotusimamisha sitasema ni wa upande gani, kwani wapo watakaoulizwa kwa niaba yangu. Walimfokea motari, dereva wetu wa pikipiki, wakafungua mfuko wa kamera, wakaziona fomu chini ya betri. Kijana mmoja alizisoma moja moja kwa sauti, jina na kijiji, jina na kijiji, huku mwenzake akilinganisha na sura kwenye kioo cha kamera. Sisi walituachia baada ya saa mbili, na kamera wakarudisha. Fomu zote sita zilizojazwa walibaki nazo.

Siku ya nne tulipata habari kwamba yule mama ameacha kibanda chake sokoni na kuhamia kwa ndugu. Hatujui atarudi lini. Tulifuta picha zake zote, na kazi yetu ikakatwa pointi kwa kukosa ushuhuda wa mwenyeji.

Nilipolalamika nilijibiwa kwamba wanahabari wanaifanya kazi hii kila siku, na anayeogopa atafute fani nyingine. Mhariri, wewe unajua inavyowagharimu. Edmond Bahati wa Radio Maria alipigwa risasi Septemba 2024 hapa hapa Goma, mtaani Ndosho, wala hakuwa kwenye kizuizi cha mlimani. Mwanahabari walau ana chombo kitakachomtafuta asipoonekana. Sisi hatukuwa hata na namba ya mwalimu ambayo ingepokelewa usiku.

Sisemi Masisi na Walikale zisipigwe picha. Nani azipige, kama si watoto wa huko? Ninachopinga ni pointi kufungwa na mahali. Idhini inaweza kutolewa kwa sauti, bila jina, na kuhifadhiwa mbali na mfuko wa safari. Mikono ikichagua maharage inaeleza mengi bila uso kuonekana. Na mwanafunzi anayefika Sake, akasikia habari mbaya ya mbele, awe na haki ya kugeuza pikipiki bila kupunguziwa hata pointi moja, na mwalimu aliyempa mada aandike hivyo kwa mkono wake kabla ya safari.

Wadogo zetu wamekwisha kupewa fomu. Juzi niliziona mezani. Ni zile zile: jina kamili, kijiji, namba ya simu.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Goma
(Naomba jina langu lisichapishwe.)