Kabla ya ada, tenga hela ya choo

Mama yangu anapangisha vyumba sita Mbagala. Wapangaji hulipa miezi sita kwa mkupuo, na kodi ya Januari yote huishia kwenye ada. Masika yaliyopita choo kilijaa, naye hakuwa na hela ya gari la majitaka. Uchafu ukatapakaa uani wanapocheza watoto. Wawili wakaanza kuharisha, mwanangu akiwamo. Mpangaji mmoja akahama, akadai arudishiwe kodi iliyobaki.

Mzazi mwenye nyumba, maji yenye kinyesi hubeba vimelea vya kuhara na kipindupindu. Kila ukipokea kodi, tenga kwanza hela ya choo na paa, ndipo uhesabu faida. Ua ni mmoja, na wanao wanacheza humo humo.