STIMA YA MOTOKAA YA KAZI: NANI ALIPE?



Mwezi uliopita alikuja ofisini kwetu ndugu mmoja ambaye kazi yake ni kuzunguka na kukagua maduka ya kampuni. Alikuwa na barua ya onyo kutoka kwa tajiri wake. Barua yasema kwamba anatumia petroli kupita kiasi, na asipojirekebisha atanyang'anywa motokaa na kurudishwa kazi ya ndani. Tukamwuliza, kwa mzaha kidogo, kama huwa anaiuza petroli hiyo. Hakucheka. Alitoa mfukoni bahasha iliyojaa risiti za tokeni za stima ya nyumbani kwake akaziweka mezani. Tulipokwisha kuzisoma tuliona kwamba shauri hili si la mtu mmoja.

Motokaa aliyopewa ni ile iitwayo haibridi ya kuchomeka. Wengine wenu mnaijua, hasa Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013 na ambayo huletwa Mombasa ikiwa imekwisha tumika. Ina injini ya petroli kama motokaa nyingine, na tena ina mota za stima na betri kubwa chini ya sakafu. Usiku huchomekwa ukutani kama simu. Msiichanganye na haibridi ya kawaida, ambayo hujichaji yenyewe ikienda na haina haja ya soketi.

Betri ya Outlander za kwanza ni ya yuniti 12. Wenye kiwanda waliandika kwamba yaenda kilomita zaidi ya 50 kwa stima tupu. Mwenye kupanda vilima na kusimama katika msongamano kila asubuhi atapata 30 au 40, na betri ikizeeka hupungua tena. Stima ikiisha injini yaamka, na hapo unaendesha motokaa ya petroli yenye uzito wa karibu kilo 1,800, inayobeba betri isiyo na kitu. Jambo moja ni jema, nalo tulikubali: stima ikipotea mtaani siku mbili, kazi haisimami. Lakini faida yenyewe haipatikani ila kwa kuchomeka kila siku.

Ulaya wamekwisha pita njia hii. Serikali kadhaa zilipunguza kodi ya motokaa hizi, na makampuni yakazinunua kwa wingi na kuwagawia watumishi wao. Mwaka 2022 wachunguzi wa ICCT na Fraunhofer walipima safari zenyewe. Waliona kwamba motokaa za watu binafsi zilikwenda kwa stima karibu nusu ya mwendo wake, yaani 45 mpaka 49 kwa mia, lakini za makampuni zilikwenda hivyo 11 mpaka 15 kwa mia tu. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya nayo ilitoa hesabu, kwamba moshi wa motokaa hizi barabarani ni mara tatu na nusu ya ule ulioandikwa katika vyeti. Huko Uingereza zilionekana motokaa za kampuni zilizorudishwa na waya wa kuchajia ungali ndani ya mfuko wake wa dukani.

Wako waliosema kwamba madereva ni wavivu. Sisi twasema waangalie kwanza mfuko. Dereva amepewa kadi ya petroli; akijaza kituoni, kampuni yalipa. Akichomeka nyumbani, alipa yeye. Nani katika nyinyi atachomeka?

Basi tuifanye hesabu ya ndugu yetu. Kwenda na kurudi ni kilomita 30 kwa siku, siku sita, jumla 180 kwa juma. Kwa petroli hizo ni kama lita 17. Kwa stima ni kama yuniti 42. Tufanye lita ni shilingi 180 na yuniti ni shilingi 30 (wewe weka bei ya risiti yako mwenyewe). Kwa juma moja petroli ni shilingi 3,060 na stima ni shilingi 1,260. Kwa majuma manne tajiri anaokoa shilingi 12,240, na mfanyi kazi ametoa shilingi 5,040 katika mshahara wake ili tajiri aziokoe. Miezi mitatu ya kwanza ndugu yetu alizitoa, kwa kuwa alifurahi kupewa motokaa na hakutaka maneno. Mwezi wa nne ada za shule zilifika, akaacha kuchomeka. Petroli ikapanda, na barua ikaandikwa.

Tena kuna jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua mpaka tulipozipanga risiti zake mezani. Kwa viwango vya stima vilivyoanza Aprili 2023, nyumba isiyopita yuniti 30 kwa mwezi ina bei yake, ya mpaka 100 ina bei yake, na inayopita 100 inalipa bei ya juu kuliko zote. Hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu. Nyumba yake ilikuwa ikitumia yuniti 60 hivi. Ukiongeza 168 za motokaa, nyumba nzima imehamishwa daraja. Sasa hata pasi ya mama watoto na taa ya mtoto anayesoma zinalipiwa kwa bei ya juu, na kisa ni motokaa ya kampuni. Ni kweli viwango hivyo hivyo viliweka bei ya vyombo vya stima, shilingi 16 kwa yuniti na 8 kwa saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Lakini hiyo yataka mita yake mbali, na mpangaji hana amri ya kufunga mita katika nyumba ya mwenyewe.

Na wapangaji ndio wengi wetu. Tumesikia ya mwenzetu akaaye ghorofa ya tatu, ambaye huteremsha waya wa kuunganisha kutoka dirishani mpaka uwanjani na kuuacha usiku kucha. Ndugu, jambo hilo liacheni leo. Motokaa hii hunyonya stima kwa nguvu muda wa saa tano hivi bila kupumzika, na waya mwembamba ulioviringishwa huchemka mpaka ukashika moto. Waya uliokuja na motokaa kutoka Japani una plagi ya kwao, isiyoingia katika soketi zetu za miguu mitatu. Usiikate na kufunga nyingine kwa kubahatisha. Mwite fundi wa stima mwenye leseni.

Mafundi wa gereji nao wasikie. Betri ya Outlander ni ya volti 300, na nyaya zake ni za rangi ya chungwa. Asiyefundishwa asiziguse, hata kama msimamizi anasema kazi ni ya dakika tano. Aombe mafunzo na glavu zinazofaa, na akinyimwa atuambie.

Wako pia wanaotaka kukopa katika chama cha akiba wainunue yao wenyewe. Hatuwakatazi. Mwenye soketi karibu na anapolaza motokaa na mwenye safari fupi ataona faida. Lakini sheria yetu yakubali motokaa isiyopita miaka minane, na nyingi huletwa zikiwa zimekaribia umri huo. Mwenye kununua apimishe betri kwa mashine kabla ya kutia sahihi, asitazame rangi na viti tu.

Turudi kwa matajiri. Hatusemi wasinunue motokaa hizi. Twasema, atakayemkabidhi mtumishi motokaa ya kuchomeka aandike katika mapatano ni nani atakayelipa stima. Aweke soketi kazini, motokaa ichomekwe mchana inaposimama. Hiyo ndiyo njia nyepesi. Kama yataka kuchomekwa nyumbani, afunge mita ndogo juu ya soketi ile, alipe kila mwezi kwa mita hiyo na kwa bei ambayo mtumishi anatozwa hasa. Na pale ambapo hakuna soketi kazini wala nyumbani, mtumishi asipewe barua ya onyo kwa ajili ya petroli. Wengine watatujibu kwamba mtumishi atalipisha kampuni stima ya kupikia. Kwa ajili hiyo tumeomba mita.

Makatibu wa matawi watuandikie kabla ya mwisho wa mwezi: motokaa za namna hii ni ngapi kwenu, hulala wapi usiku, na tokeni hulipwa na nani. Ndugu yetu ameitwa mbele ya tajiri wake Alhamisi. Katibu wetu atakwenda pamoja naye, na bahasha ya risiti itakwenda pia.

Mhariri