Mwezi Tunaujua, na Msimu Je?



Tunapenda kulizungumza jambo lililokuwa na maneno mengi mabarazani mwaka huu, nalo ni matembezi ya msituni. Kama mnavyojua, wanafunzi wa madarasa ya juu huenda Jozani kila Jumapili ya kwanza baada ya mwezi kuandama, asubuhi, wakarudi kabla ya adhuhuri. Baadhi ya wazee wamependekeza matembezi hayo yafutwe, tubaki na ile safari moja ya mwaka ya kukodi gari, kwenda kuwaangalia kima, kula pilau na kurudi. Sisi walimu tunaofuatana na watoto tunaona kinyume chake. Ikiwa lazima kimoja kifutwe, na ifutwe safari ya pilau.

Sababu yetu ni hii. Msitu wa Jozani ni kijani mwaka mzima. Mgeni anayeingia mara moja, hata akae kutwa, atatoka akisema ameona miti na kima, na atakuwa amesema kweli. Mabadiliko yake ni madogo madogo, na hayaonekani ila kwa mtu aliyepita njia ile ile mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Mwezi wa Machi njia iliyo chini ya mitondoo ni kavu, na majani yanalia chini ya viatu. Masika yakishapamba moto, pale pale pana maji, kwa sababu msitu umekaa bondeni na maji ya ardhini hayako mbali. Jongoo hutoka kwa wingi, vyura wakapiga kelele mchana, na siafu wakakata njia kwa mistari mpaka ikabidi kila mtu aruke. Ukienda Agosti wakati wa kipupwe, maji yameshuka na kusi linavuma juu ya miti, na mbayuwayu wale waliotoka Ulaya humkuti hata mmoja. Wao huja karibu na vuli wakaondoka masika yakiingia. Mtoto aliyekwenda mara moja tu, Agosti, hawezi kujua kwamba pana kitu hakipo.

Pembezoni mwa msitu, kwenye mashamba, kuna mikungu. Huu ni mti mzuri sana kwa mwanafunzi anayeanza kuangalia, kwani majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, kisha huchipua upya. Machipukizi hayo ndiyo wanayoyapenda kima punju, pamoja na yale ya miembe. Wanafunzi wetu wamewahi kumwona kima ameshika kipande cha mkaa anakitafuna, wakacheka sana. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1997 wameeleza kwamba majani hayo yana vitu vinavyoliudhi tumbo, na mkaa husaidia kuvinasa. Kwa hiyo kima anakula dawa. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeuliza tena kwa nini tunarudi pale pale kila mwezi.

Sasa tuje kwenye hoja ya wazee. Wanasema, watoto wameletwa madrasa kusoma, si kutembea, na muda wa matembezi ungetosha kwa nusu juzuu ya kurudia. Hoja hii tunaiheshimu, maana inatoka kwa watu wanaoipenda Qur'ani. Lakini tunauliza: tunawafundisha nini watoto kuhusu wakati? Tunawafundisha majina ya miezi kumi na miwili, kuanzia Muharram mpaka Dhulhijja, na wanayajua kwa nyimbo. Tunawafundisha kwamba mwaka wa mwezi ni siku 354, au 355 baadhi ya miaka. Halafu tunaishia hapo, wakati Kitabu chenyewe kinataja jua na mwezi pamoja kuwa vimewekwa kwa hesabu.

Mwaka wa mwezi unapungua kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, na ndiyo maana mwezi wa Ramadhani haukai kwenye msimu mmoja. Ramadhani ya mwaka 1440 Hijria ilianza mwanzoni mwa Mei 2019, tukafunga ndani ya masika. Ile ya mwaka 1446 ilianza mwanzoni mwa Machi 2025, joto la kaskazi likiwa halijaisha na masika bado yanasubiriwa. Itachukua miaka kama 33 kuzunguka misimu yote na kurudi ilipokuwa. Hesabu hii mtoto anaweza kuikariri ubaoni kwa dakika tano. Kuielewa ni kitu chengine. Anaielewa pale anapofungua daftari lake la matembezi akaona kwamba Shaaban ya mwaka mmoja ameandika "njia imejaa maji", na miaka michache mbele, Shaaban hiyo hiyo, ameandika "vumbi".

Na si suala la kuelewa tu, ni fiqhi. Zaka ya mali husubiri mwaka utimie kwa hesabu ya mwezi. Zaka ya mazao haisubiri, hutolewa mazao yanapovunwa, na kiwango chake ni sehemu moja ya kumi kwa shamba linalonyweshwa na mvua, na nusu ya hiyo kwa shamba linalomwagiliwa kwa gharama. Mwanafunzi anayesoma mlango huu bila ya kujua mvua zilikuja lini, zilitosha au hazikutosha, anasoma maneno matupu. Wengi wa watoto wetu hivi sasa hawalimi. Wanakula mchele wa dukani, na mvua kwao maana yake ni skuli kuchelewa.

Wazee wetu walikuwa na hesabu ya pili. Walihesabu siku tangu Siku ya Mwaka, wakazigawa kumi kumi, na kila kumi wakaiita mwongo: mwongo wa kumi, wa ishirini, wa thelathini, mpaka mia tatu na sitini, kisha siku chache za kumalizia. Mwaka ukiingia mwezi wa Julai, mwongo wa mia unaangukia kwenye vuli, na mkulima na baharia walijua la kufanya bila ya kuuliza. (Hapa hatuzungumzii mambo yanayofanywa Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa. Masheikhe wetu wamekwisha kuyasemea. Tunazungumzia hesabu.) Tulipowatajia watoto neno hilo walicheka, maana kwao mwongo ni mtu asemaye uwongo. Hatukuwalaumu. Wangelisikia wapi?

Tunapenda pia kutaja mikoko ya Pete, kwa sababu huko ndiko tulikopata somo zuri kuliko yote. Tukitoka msituni huvuka barabara tukaenda kwenye mikoko, na huwa tunafika kama saa nne. Mwanafunzi mmoja wa kike aliona katika daftari lake kwamba safari nyengine saa nne pana tope tupu na kaa wanakimbia, na safari nyengine saa ile ile maji yamejaa mpaka kwenye mashina. Akauliza, na hatukumjibu, tukamwambia atazame tarehe. Baada ya miezi michache akapata. Jumapili inapoangukia mwezi pili au mwezi tatu ni bamvua, na kwetu bamvua maji hutoka kabisa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Jumapili ikiangukia mwezi saba, ni maji mafu, na saa nne ndiyo yamejaa. Msitu unafuata jua na mikoko inafuata mwezi, na kati yao kuna mwendo wa dakika chache tu. Mvuvi yeyote wa Chwaka angelimwambia jibu hilo bure, lakini sasa ni lake.

Kuhusu nyoka, hofu ipo, nasi hatuidharau. Hakuna anayeingia bila ya viatu vya kufunika, na hatutoki nje ya njia. Kuhusu watoto wa kike, walimu wa kike hufuatana nao kila safari. Na wanaosema kwamba msitu si wetu tena, kwa kuwa ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 na UNESCO ikautambua pamoja na ghuba ya Chwaka mwaka 2016, tunawajibu kwamba tunakwenda kwa ruhusa, hatukati hata ufito. Kwa kweli watoto ndio waliotuuliza kuhusu kuni, kwa nini kisiki kile mwezi uliopita kilikuwa mti. Suali hilo tumeliacha kwao walijadili na wazee wao nyumbani.

Kamati itakaa baada ya Idi kuamua. Wakati huo huo, safari inayofuata iko pale pale, Jumapili ya kwanza baada ya mwezi kuandama. Kila mwanafunzi aje na daftari, penseli, chupa ya maji na viatu vya kufunika. Wazee wanaotaka kufuatana nasi wanakaribishwa, hasa wale wanaojua kuhesabu miongo. Daftari letu lina safu ya tarehe ya Hijria, safu ya tarehe ya miladia, na safu ya tatu tuliyoiandika "mwongo", ambayo hadi leo haijajazwa.